Kikopo cha Mume

Nimefanya kazi ya labo Kasongo, jimboni Maniema, miaka 26. Kutwa nilipima malaria, minyoo na makohozi. Lakini wagonjwa ambao sijawasahau ni wanawake waliopakiwa kwenye pikipiki kutoka Kabambare na mawifi zao, waje "kusafishwa tumbo" wapate mtoto. Nikiuliza, "Na baba wa nyumba yuko wapi?", najibiwa, "Yeye mzima, docta. Ana nguvu."

Nguvu! Asiye hanithi tunamhesabu hana ila, kumbe nguvu ya kitandani ni jambo moja na mbegu ni jingine. Nikaanza kudai kikopo cha mume kwanza: asimkaribie mkewe siku mbili hadi saba, kisha alete kikopo kabla saa moja haijapita, amekibana kwapani kisipoe. Hadubini yangu ilitegemea mwanga wa jua. Siku ya mawingu tulingoja.

Mchimba dhahabu mmoja wa Salamabila alisimama pembeni nikihesabu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linataja kiwango cha chini cha mbegu milioni 16 kwa mililita, 42 kwa mia ziwe zinatikisika. Kwake sikuona hata moja. Nikazungusha sampuli, nikatafuta tena; hakuna. Akakiri kwamba ujanani alikojoa usaha akanywa vidonge vya sokoni siku mbili. Kisonono kisichotibiwa kinaweza kuziba mirija ya mwanaume kama kinavyoziba ya mwanamke. Nikamwita mkewe aingie, nikawaambia wote wawili. Mama yule alikuwa amekunywa dawa za mizizi miaka tisa. Alikaa sakafuni, akalia bila sauti.

Mwingine alikuwa mwalimu. Mbegu zake nilizihesabu mimi: zilikuwepo, ila zilizotikisika chache mno. Yeye na mkewe waliuza kiwanja, wakaenda Kampala, kwani Uganda ina watoto wa maabara tangu 2004. Mayai tisa yaliwekwa pamoja na mbegu; likarutubishwa moja, nalo likafa. Walirudi na karatasi: kliniki ilitaka fedha zaidi iwachagulie mbegu bora.

Niliwaeleza nilichojua. Kuchagua mbegu ni kazi ya siku zote. Unaziwekea maji ya virutubisho kwa juu, zenye uhai zinaogelea kupanda, zilizochoka zinabaki chini. Yai likikataa mbegu, tiba kubwa ni ile iliyotangazwa Brussels mwaka 1992: mbegu moja hudungwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba. Kuchagua zile zinazonata kwenye haialuronani, dutu iliyomo kwenye ute unaozunguka yai, kabla ya sindano kulijaribiwa Uingereza kwa wenzi zaidi ya 2,700. Matokeo ya 2019 yalionyesha mimba chache ziliharibika, lakini watoto waliozaliwa hai hawakuongezeka. Tena kuna mbegu inayoingia ikashindwa kuliamsha yai, kwa kuwa imekosa kimeng'enya cha kazi hiyo. Hiyo hata ukiichagua kwa umbo, yai litalala tu.

"Lipieni sindano," nikawaambia, "na kabla ya kulipa kingine chochote, ulizeni kwa nini mayai nane yalikataa."

Fedha ilikuwa imekwisha. Hawakurudi Kampala.

Wakubwa wa afya wa Maniema, kila hospitali ipate hadubini nzuri na mtu anayejua kuhesabu mbegu. Nanyi mawifi wa Kabambare, pikipiki ikija, mpandisheni na kaka yenu.