Tovuti Itakaa Wapi?

Swali lililoniingiza katika kazi hii liliulizwa na mwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Ilikuwa Machi 2011. Mimi nilikuwa msimamizi wa intaneti kafe moja pale Mwenge, Dar es Salaam: nauza muda, nawasha jenereta mgao wa umeme ukitufikia, na usiku wateja wakishaondoka najifundisha kutengeneza tovuti kwa WordPress. Mzee yule alikuwa ameshuka kutoka Moshi kwa shughuli zake. Aliona kazi yangu kwenye skrini, akanipa na ya kwake. Nilipoimaliza aliitazama kurasa zote, akaridhika, kisha akaniuliza: "Sasa dada, hii tovuti itakaa wapi?"

"Itakaa kwangu," nikamjibu.

Sikuwa na pa kuiweka. Nilijua tu kwamba tovuti hukaa kwenye seva, kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, na kwamba mtu fulani mahali fulani hulipwa kwa kuitunza. Usiku ule sikulala. Nilisoma mpaka alfajiri, nikagundua kwamba biashara hii ina jumla na rejareja kama Kariakoo. Mwenye seva huuza nafasi kubwa kwa mtu wa kati, naye huikata vipande akawauzia wenye tovuti. Ni sawa na kupanga nyumba nzima, halafu wewe ukapangisha chumba kimoja kimoja. Mwenye nyumba hawajui wapangaji wako, na wapangaji wako hawamjui yeye. Wanakujua wewe.

Nikachukua kifurushi cha gigabaiti 50 kwa dola 25 kwa mwezi, kwenye seva iliyokuwa Texas, Marekani. Wakati ule dola moja ilikuwa kama shilingi 1,500, kwa hiyo mwaka mzima ulinidai karibu shilingi 450,000. Nilipanga kutoza 60,000 kwa mwaka kwa kila tovuti. Nikaandika ukutani namba 8: nikipata wateja wanane, nyumba inajilipia. Wa nane nilimpata mwezi wa saba, na tovuti zote nane kwa pamoja hazikujaza hata gigabaiti mbili. Hapo nikaelewa kwa nini kila muuzaji wa biashara hii huuza nafasi nyingi kuliko aliyo nayo. Anajua wapangaji hawatahamia wote siku moja.

Malipo ndiyo yaliyonihangaisha mwanzoni. M-Pesa ilikuwa imeingia Tanzania mwaka 2008, na wateja wangu walilipa kwa simu bila shida. Lakini deni langu lilikuwa ng'ambo, na ng'ambo walitaka kadi ya benki, nami kadi yangu ilikataliwa kila nilipojaribu. Shangazi yangu alikuwa na kadi iliyokubali malipo ya nje. Kila tarehe 20 nilipanda daladala kwenda kwake Upanga na fedha mkononi, tukakaa mbele ya kompyuta, akaandika zile namba polepole huku nikimsomea. Jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya manispaa, hayo yote niliyapata kwa kupanga foleni tu. Bila shangazi nisingefika mwezi wa pili.

Nilidhani nauza tovuti. Wateja wangu walichokuwa wananunua hasa ni baruapepe. Tovuti waliitazama mara moja kwa mwezi, lakini barua walizifungua asubuhi kabla ya chai. Julai ile ile, msimu wa wageni ukiwa umechanganya, mzee wa Moshi alinipigia kwa sauti ya chini. Wageni wanne waliokuwa wamekwisha kubaliana naye bei walikuwa wamekwenda kwa mwingine, kwa sababu majibu yake hayakuwafikia. Nilichunguza siku mbili. Kwenye seva ileile alikuwamo mpangaji nisiyemjua, wa mtu wa kati mwingine, aliyekuwa akimwaga maelfu ya barua taka, na anwani ya seva nzima ikaingizwa kwenye orodha ya wanaokataliwa. Barua za mzee zilikuwa zinatoka salama Moshi na kutupwa mlangoni kwa wageni, kwa kosa la jirani. Nilijifunza SPF na DKIM kwa uchungu ule. Ni njia mbili za kuuthibitishia ulimwengu kwamba barua imetumwa na yule ambaye inadai kutoka kwake. Hazikuwarudisha wale wageni wanne. Nilimrudishia mzee ada yake ya mwaka, naye akaikataa, akasema niendelee.

Agosti ikaja na yake. Programu ndogo ya kupunguza ukubwa wa picha, TimThumb, iliyokuwa imefichwa ndani ya mapambo mengi ya WordPress, iligundulika kuwa na tundu. Tovuti zangu tatu ziliingiliwa kupitia tundu hilo, nikazisafisha faili kwa faili usiku kucha.

Mwalimu alikuja mwaka 2012. Nasema Mwalimu tu, kwa sababu hivyo ndivyo Pangani nzima inavyomwita. Alikuwa amestaafu, na kwa miaka mingi amekuwa akikusanya maneno ya chombo kutoka kwa mafundi wa majahazi na manahodha wa zamani: mkuku, taruma, fashini, gubeti, mrengu, namna za kalafati, majina ya pepo na ya kamba. Aliniambia vijana wa leo wanaweka mashine nyuma ya mashua na kusema "ile kamba", "ule mti", basi. Alitaka maneno yale yasomwe na yeyote mwenye simu. Nilimtengenezea tovuti nyepesi, mjukuu wake akamwonyesha jinsi ya kuingiza neno, naye akaandika kwa vidole viwili, jioni baada ya jioni, maneno zaidi ya 600. Kila moja lilikuwa na maelezo, na mengine yalikuwa na kisa kizima cha nani alimpa na wapi. Nilizoea kufungua ukurasa wake kabla ya kulala kuona leo ameongeza nini. Nimezaliwa Dar, bahari naiona kila siku kutoka kivukoni, na nusu ya maneno yale sikuwahi kuyasikia.

Februari 2013, siku ya Jumatano, tovuti zote 31 zilizimika. Nilimwandikia muuzaji wangu wa Marekani, kimya. Nikapiga namba aliyoitangaza, haikuwa ikitumika. Jioni hata tovuti yake mwenyewe haikufunguka, na hapo nikajua kwamba ameondoka. Alikuwa ameacha kulipa kwa mwenye seva, na mwenye seva hakunijua, kwa sababu mimi nilikuwa mpangaji wa mpangaji.

Nakala za akiba nilikuwa nazo. Kila Jumapili nilibonyeza kitufe na faili la akiba likatengenezwa, na faili hilo likabaki ndani ya akaunti ileile kwenye seva ileile. Niliutengeneza ufunguo wa akiba kisha nikaufungia ndani ya nyumba. Miaka miwili nilifanya hivyo nikiamini najilinda.

Siku sita zilizofuata sikutoka ndani. Tovuti 19 nilikuwa na mafaili yake kwenye kompyuta yangu kwa kuwa nilizitengeneza mwenyewe. Nikanunua nafasi kwingine, nikazipandisha. Majina yaliyoishia .co.tz yalinusurika yote, maana niliyasajili hapahapa nchini kupitia wakala aliyeidhinishwa na tzNIC, kwa majina ya wateja wenyewe. Nilibadilisha tu yanakoelekezwa, na ndani ya siku moja au mbili yakafunguka. Yale ya .com yaliyokuja "bure" na kifurushi yalikuwa yamesajiliwa kupitia yule aliyeondoka, na mawili sikuyapata tena. Tangu hapo hakuna jina nililolisajili isipokuwa kwa jina la mwenye tovuti. Mteja akitaka kuniacha kesho, aondoke na jina lake mkononi.

Tovuti ya Mwalimu ilikuwa kati ya zile ambazo sikuwa na faili lake. Maneno aliyaingiza moja kwa moja kwenye seva, na kwangu kilibaki kiunzi kitupu. Nilikwenda kwenye Wayback Machine, ile hazina ya Internet Archive inayopita kwenye tovuti za dunia na kuzipiga picha. Ilikuwa imepita kwa Mwalimu mara moja, ikachukua ukurasa wa mbele na herufi A hadi F. Nilinakili ukurasa kwa ukurasa, nikayapanga upya.

Jambo lile halikuwa la kusema kwa simu. Nilipanda basi Ubungo hadi Muheza, kisha gari la Pangani kwa barabara ya vumbi, nikafika alasiri. Alikuwa kibarazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na jambo."

Nikamweleza. Nilimwambia maneno yamepotea, na kwamba niliyoyaokoa yanaishia F. Nikamwambia kwamba aliyeondoka ni mwingine, lakini yeye hakumkabidhi huyo, alinikabidhi mimi. Alinyamaza muda mrefu, mpaka pantoni ikavuka kwenda Bweni na kurudi.

"Basi hata gubeti hatuna," akasema.

Kisha akaingia ndani akatoka na kaunta buku tatu. Maneno yalikuwamo. Maelezo mengi hayakuwamo, kwa sababu alikuwa akiyaandika papo hapo akiwa mbele ya kompyuta, kutoka kichwani au baada ya kuwauliza tena mafundi. Tulianza G usiku uleule kwa taa ya chemli, yeye akisoma, mimi nikiandika. Nilikaa siku nne. Asubuhi tulikwenda ufukweni kwa mafundi kuuliza upya, nao walijibu kwa subira, wengine wakicheka kwamba Mwalimu amesahau alichowauliza mwaka jana. Fundi mmoja mkubwa alikuwa amekwisha fariki. Maneno 23 aliyokuwa ameyaeleza yeye peke yake yapo kwenye tovuti hadi leo bila maelezo, jina tu na nafasi iliyo wazi.

Niliporudi Dar niliibadili biashara yote. Nikaacha kuwa mpangaji wa mpangaji, nikakodi seva iliyoko Ujerumani moja kwa moja kwa mwenyewe, nikajifunza Linux tangu mwanzo. Kila usiku nakala inakwenda mahali pengine kabisa, na kila Ijumaa nyingine inashuka kwenye diski iliyo nyumbani kwangu. Mara moja kwa mwezi nachukua tovuti mojawapo, nairejesha kutoka kwenye nakala kana kwamba ya asili imeungua, na kuifungua. Kazi hiyo huchukua nusu siku na hakuna anayeilipia.

Mambo mengine yamepita na kuniacha. Tangu 2016 nawapa wateja wote vyeti vya usalama vya Let's Encrypt bila malipo, ambavyo kabla ya hapo wachache waliweza kuvinunua. Mwaka 2019 cPanel, wenye programu ya kusimamia seva, waliacha kutoza kwa seva nzima wakaanza kuhesabu akaunti. Nilimpigia kila mteja mwenyewe kumweleza kwa nini ada inapanda, na kati ya 140 waliondoka tisa. Ikafuata habari ya Desemba 2020 kwamba CentOS 8, mfumo wa seva yangu, utaachwa mwishoni mwa 2021, nikahamia AlmaLinux.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika pamoja baharini kusini mwetu. Seva yangu Ujerumani ilikuwa nzima, inafanya kazi, na mteja aliye London aliiona tovuti yake vizuri. Aliye Sinza, kilomita chache kutoka nilipokaa, hakuiona. Simu ziliita siku tatu. Nilikuwa nimewaza juu ya seva kuzimika, sikuwaza juu ya njia. Mwaka huohuo nilikodi mashine ya pili hapa Dar, nikahamishia kwanza wale ambao wasomaji wao wako hapa: shule, zahanati, na Mwalimu.

Katika uhamisho huo Mwalimu aliipitia tovuti yake yote kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akiwa na kioo cha kukuzia, mjukuu akimfungulia kurasa. Akanipigia.

"Mwanangu, demani nyingine iko wapi?"

Nikamwambia ipo, nimeiona, kamba ya tanga upande wa tezi.

"Hiyo ni moja. Demani ziko mbili. Moja kamba, moja majira, kusi likianza kupungua nguvu."

Nikafungua kurasa nilizozinakili Februari 2013, ambazo sijawahi kuzifuta. Zilikuwa mbili kweli, moja chini ya nyingine, kila moja na maelezo yake. Usiku wa kuzinakili, nikiwa na usingizi, niliona neno limejirudia, nikadhani ni kosa la mashine, nikafuta la pili kwa mkono wangu bila kulisoma.

Nikalirudisha akiwa bado kwenye simu. Akaniomba nimsomee, nikamsomea mpaka mwisho. Akasema mjukuu afungue tena ukurasa waangalie, nami nikasubiri.