Mwacheni Shangazi na Omena Zake

Kuna mtu wa kwetu anayeishi Texas ambaye ameniharibia wiki. Tuko naye kwenye kikundi cha WhatsApp cha watoto wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, tulio ng'ambo. Binamu yangu alituma picha ya shangazi ameinama kwenye jiko la makaa nje ya nyumba, sufuria ya omena mbele yake, paka wamemzunguka mikia ikiwa juu. Sisi wengine tulifurahi, maana shangazi alikuwa ameugua na hatukuwa tumemwona amesimama imara hivyo kwa muda mrefu. Huyu bwana akaandika kwamba kuwapa paka mabaki ya sokoni ni kuwatesa, na asiye na pesa ya kununua chakula cha paka asiwachukue paka. Akaambatisha picha ya mfuko wa chakula kikavu kutoka nje, ambao kwa bei yake Nairobi shangazi angelipa kodi ya nyumba na abaki na ya unga.

Hapa Leicester, Uingereza, mimi ni mlezi wa muda wa paka. Kituo cha uokoaji huniletea waliotupwa, waliookotwa mabohari, waliofiwa na wazee wao, nami nakaa nao hadi wapate familia. Kila paka huja na karatasi yake: umri, uzito, meno, chanjo, anachopenda kula na kinachomharisha. Jumapili asubuhi nampima kila mmoja kwenye mizani ya jikoni, na uzito ukishuka mratibu hunipigia simu kabla sijamaliza chai. Chakula chenyewe ni cha msaada. Katika supamaketi nyingi za hapa, ukishalipa, unakuta kikapu karibu na mlango. Mtu hununua kopo moja la ziada, analitia humo, anaenda zake. Jirani yangu, bibi wa Kigujarati ambaye hajaonja nyama tangu azaliwe, hutia kopo la samaki kikapuni kila anapoenda kununua mboga. Nampenda sana huyo bibi.

Kwa kuwa msaada hauna mpangilio, leo tunapewa kuku wa kampuni hii, kesho sungura wa kampuni ile, na tumbo la paka halipendi mageuzi ya ghafla. Kwa hiyo tunachanganya: chakula kipya kidogo ndani ya cha zamani, tunaongeza polepole kwa muda wa wiki nzima. Mtoto wa paka analishwa mara tatu au nne kwa siku. Paka mzima wa kilo 4 anatosheka na takriban kalori 200 hadi 250. Na kwenye kila kopo sheria inataka iandikwe kama ni mlo kamili au ni nyongeza tu. Kopo la bei ya chini kabisa likiwa limeandikwa mlo kamili, paka anaweza kuishi nalo vizuri maisha yake yote. Paka mweupe mwenye utepe kwenye kopo la bei ghali ni picha tu. Vituo vyenye pesa kidogo hununua makopo makubwa ya gramu 400, vinayaacha vile vijipakiti vidogo vinavyopendeza macho, na paka hawana habari.

Ndugu wa Texas anaamini kiwanda. Basi tukumbushane. Mwaka 1987, mtafiti Paul Pion na wenzake kule California walichapisha katika jarida la Science kwamba paka waliokuwa wakila vyakula vya viwandani walikuwa wakipata ugonjwa wa moyo kutanuka, kwa sababu vyakula hivyo havikuwapa taurini ya kutosha. Mwili wa mbwa huitengeneza taurini wenyewe. Wa paka hauwezi kutengeneza ya kumtosha, lazima aile. Walipoongezewa, mioyo ya wengi ikapona, na viwanda vikabadilisha michanganyiko yao. Na taurini inapatikana wapi? Kwenye moyo wa ng'ombe, kwenye nyama ya mapaja ya kuku, kwenye samaki. Yaani iko kwenye soko la nyama la Burma na iko kwa wauza samaki wa Gikomba, huko huko Nairobi, na shangazi anaijua njia ya kote kuwili.

Hata hawa Waingereza tunaowaiga hawakuanza na makopo. Katikati ya karne ya 19 Henry Mayhew, mwandishi aliyezunguka London akiandika maisha ya watu maskini, aliwaeleza wachuuzi waliopita mitaani wakiuza nyama ya paka: nyama ya farasi iliyochemshwa, imekatwa vipande, imechomekwa kwenye vijiti. Kila mchuuzi alikuwa na njia yake na wateja wake, na paka walimtambua. Mji mkubwa kuliko yote duniani wakati ule ulilisha paka wake kwa nyama ambayo binadamu hakuitaka. Shangazi akipita Burma jioni, mwenye bucha humwekea mapafu, vipande vya moyo na mafuta ya kuparura mfupa. Gikomba anachukua mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya kutolewa minofu, na vichwa. Omena anapimiwa kwa gorogoro na mama anayemwita dada. Hiyo ni biashara ya heshima, na paka anaowalisha nyuma ya ukumbi wa Kaloleni wana manyoya yanayong'aa kuliko wengi wanaonijia hapa wakiwa wamefungiwa ghorofani na bakuli la biskuti.

Lakini sitamsifu shangazi kwa kila kitu, maana nimebishana naye mengi na mengine bado hajakubali.

Tulipokuwa wadogo, paka alipewa ugali na maziwa, na baba alikataza hata hayo yasizidi kwa sababu paka akishiba hashiki panya. Mtaa mzima ulisema hivyo. Si kweli. Paka aliyeshiba bado anawinda, maana kuwinda kuko kwenye damu yake hata tumbo likiwa limejaa. Asiyelishwa ndiye anayedhoofika, anapata mafua yasiyoisha, na mwisho anakula panya aliyekula sumu. Tumezika paka wangapi kwa dawa ya panya, na kila mara tukasema wamerogwa au ni jirani mbaya.

Ugali peke yake unamnyima paka protini ya nyama, ambayo hana njia nyingine ya kuipata. Ugali kidogo wa kukoleza mchuzi haumdhuru. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi waliokwisha kuacha kunyonya. Haya mawili shangazi ameyakubali, ingawa bado namshuku kwenye maziwa. Kitunguu ndicho kilichotugombanisha. Alikuwa akiwapa mabaki ya mchuzi wa kwake, wenye vitunguu na saumu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Aliniambia, "Mwanangu, hawa paka wamekula mchuzi wangu kabla hujazaliwa." Sasa anachemsha chakula cha paka kando, bila chumvi wala kitunguu, na ninamshukuru kwa hilo kila ninapompigia. Panadol nayo nilimwomba kwa kumbembeleza: asimpe paka hata kipande, maana kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kuna mambo ambayo shangazi alikuwa akiyafanya vizuri bila kufundishwa na mtu. Samaki anawachemsha, maana baadhi ya samaki wakiliwa wabichi kila siku huharibu vitamini B1, na moto hukomesha hilo. Maji aliyochemshia nyama hayamwagi, maana taurini hutoka kwenye nyama ikaingia kwenye maji hayo, kwa hiyo paka anayelamba mchuzi anairudisha mwilini. Omena wanaliwa wazima na mifupa yao laini, na hapo paka anapata kalisi ambayo nyama tupu haina ya kutosha. Siku za moyo na mapafu matupu, nimemwambia akaushe maganda ya mayai, ayasage yawe unga, atie takriban kijiko kidogo kimoja kwa kilo ya nyama isiyo na mfupa. Mifupa ya kuku iliyopikwa aitoe, inavunjika vipande vyenye ncha. Maini ni mazuri, ila kidogo, mara moja kwa wiki, kwani vitamini A ikizidi huharibu mifupa ya paka. Wala asiwape samaki peke yake mwezi mzima. Leo omena, kesho firigisi, keshokutwa moyo. Hakuna lolote hapo linalohitaji meli kutoka Ulaya.

Ninachokitamani kutoka huku ni vile watu walivyojipanga, kile kikapu cha mlangoni na ile mizani. Mwaka 1917 Maria Dickin alifungua zahanati ya bure ya wanyama wa maskini huko Whitechapel, mashariki mwa London, na shirika la PDSA lililotokana nayo lipo hadi leo. Alianzia mashariki mwa mji wake, kama Eastlands yetu ya Nairobi. Hakuwaambia watu wasio na pesa waache kufuga. Aliwatibia wanyama wao. Nairobi nasi tuna KSPCA, shirika la kulinda wanyama, kule Karen, na wanafanya kazi kubwa, lakini mpeleke paka mwenye mguu uliovunjika kutoka Jogoo Road hadi Karen kwa matatu mbili, ndani ya katoni, konda akilalamika, halafu uniambie kama umbali huo si sehemu ya ugonjwa.

Kaunti nayo, kwenye mswada wake wa mwaka 2024 wa wanyama, ilitaka mwenye paka alipe leseni ya shilingi 200 kwa mwaka. England imelazimisha paka wa nyumbani wawekewe chipu tangu Juni 2024, kwa hiyo kuandikisha paka sikukatai. Nauliza tu shangazi atakuwa mwenye paka wepi. Wale waliokuja wenyewe? Akilipia, atapata nini, na nani atakuja Kaloleni kuwachanja na kuwafunga uzazi?

Kwa sababu hesabu yote ya chakula inaishia hapo. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na anaibeba kwa wiki tisa. Gorogoro ya omena inayowatosha wanne mwezi huu itagawiwa kwa kumi kabla mvua hazijaisha. Kituo changu cha hapa hakimtoi paka hata mmoja kabla hajafanyiwa upasuaji wa kufunga uzazi, na ndiyo maana msaada wa kikapuni unatosha.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kikundi, pamoja na wewe wa Texas: pesa ya ule mfuko itoeni tumlipe daktari wa wanyama aje mtaani. Nimeanza mchango, na shangazi ataweka daftari. Amekubali madume wahasiwe. Kwa Kadogo, jike wake wa rangi tatu, anasisitiza azae kwanza mara moja, ati jike asiyezaa huugua. Nimemweleza kwamba ni kinyume chake, kwamba anayefungwa uzazi mapema anaepushwa hatari kubwa ya saratani ya matiti, na bado hajaridhika. Jumapili nitampigia tena, na safari hii nitamwomba daktari aongee naye mwenyewe, maana wazee wetu humsikiliza daktari kuliko mtoto waliyemfunga nepi.