Tela la kulala watoto

Baba mmoja wa Minnesota, Marekani, alinunua tela la mizigo ili familia ilale humo safarini. Akabandika ukutani bodi za povu gumu, unene sentimita 2.5, lakini mbavu za chuma akaziacha wazi. Wengi huishia hapo. Asubuhi ya kwanza ya baridi, godoro la mtoto lilikuwa limelowa: pumzi za watu wanne ziligeuka matone kwenye chuma kile.

Mama hakulalamikia maji. Aliuliza hewa safi inaingilia wapi, maana usiku kucha waliwasha hita ya gesi, na sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu.

Siku hiyohiyo hita ikatolewa, yakatobolewa matundu mawili, moja darini, jingine chini. Mbavu zilisubiri mshahara uliofuata.