Duka la Peremende Kando ya Mto Ohio

Mtu akisimama Kinshasa ukingoni mwa mto, aona Brazzaville ng'ambo ya maji: miji miwili yatazamana, na mto ndio mpaka. Huko Marekani tuliona jambo linalofanana na hilo. Kusini mwa mto Ohio upo mji mkubwa wa Louisville, katika jimbo la Kentucky. Kaskazini yake upo mji mdogo wa Jeffersonville, katika jimbo la Indiana. Siku moja asubuhi tulitoka Louisville kwa miguu tukavuka ng'ambo. Daraja tulilopita lilijengwa mwaka 1895 kwa ajili ya magari ya moshi. Magari hayo yalikwisha kuliacha zamani, nalo likakaa bure miaka mingi, mpaka lilipotengenezwa upya. Tangu mwaka 1914 ulipotimiza karne moja, yaani tangu 2014, watu hulipita kwa miguu na kwa baisikeli kutoka jimbo hata jimbo.

Je, tulifuata nini ng'ambo? Msicheke, wasomaji wapenzi: tulifuata peremende.

Katika barabara iitwayo Spring Street lipo duka la jamaa ya Schimpff. Gustav Schimpff pamoja na mwanawe, naye aitwaye Gustav, walilifungua mwaka 1891. Na jamaa hiyo, ambayo asili yake ni Ujerumani, ilikuwa imekwisha kuanza kazi ya peremende huko Louisville kabla ya hapo. Toka siku ile mpaka leo duka halikutoka mikononi mwa ukoo. Mwezi wa Januari 1937 mto Ohio ulifurika vibaya sana, maji yakaifunika sehemu kubwa ya Jeffersonville. Jamaa hii ilirudi, ikaosha matope, ikawasha moto tena chini ya sufuria.

Tulipoingia, kwanza harufu ilitupokea: harufu ya sukari iliyoungua kidogo na ya mdalasini. Tulipoinua macho tuliona dari ya bati lililopigwa nakshi, kama walivyopenda watu wa zamani. Kila upande zimepangwa chupa na makabati ya kioo yenye peremende za rangi zote. Upande mwingine wamekusanya vyombo vya kale vya kazi hiyo, mikebe na mashini za mkono, ili wageni wajifunze.

Tulisimama kutazama kazi. Fundi hupika sukari, maji na sharubati ya mahindi mpaka moto ufikie karibu digri 150. Hapo maji karibu yote yamekwisha kutoka, na sukari ikipoa itakuwa ngumu kama kioo. Akipunguza moto, peremende zitanata menoni. Akizidisha, zitakuwa chungu. Halafu humimina ule uji wa moto juu ya meza baridi, hutia rangi nyekundu na mafuta ya mdalasini, hukunja na kukandakanda upesi. Bonge likianza kushika, hulipitisha katikati ya magurudumu mawili ya chuma yaliyochongwa maumbo, nalo hutoka upande wa pili kama utepe wenye samaki wadogo. Utepe ukipoa, huupiga mezani: samaki huachana wakalia kama kokoto. Samaki hao wekundu, wenye ukali wa mdalasini, ndio sifa ya duka hilo. Kazi hii haingoji mtu: dakika chache tu, na sukari imekataa. Tuliukumbuka msemo wa wazee wetu: mwana wa mhunzi asipofua, huvukuta. Hapana shaka watoto wengi wa ukoo ule walianza kwa kufagia sakafu na kufunga vifurushi, kabla ya kukabidhiwa sufuria.

Tulionja pia peremende nyingine, laini kama pamba, iliyovikwa karameli. Jina lake ni Modjeska. Helena Modjeska alikuwa mchezaji wa tamthilia mashuhuri, mzaliwa wa Poland, aliyecheza Louisville mwaka 1883. Na mtengeneza peremende mmoja wa mji ule aliipa kazi yake jina la bibi huyo. Wengi wamemsahau mchezaji, lakini jina lake lingali vinywani mwa watoto.

Baadaye tuliketi kwenye vigoda virefu, mbele ya meza ndefu yenye mabomba ya soda. Chombo hiki ndicho kilichokuwa fahari ya miji ya Marekani. Asili yake ni hii. Ninyi mliopata kuona kasiksi au pombe nyingine ikichacha mwajua jinsi inavyotoa povu. Mwaka 1767 Mwingereza Joseph Priestley, aliyekaa Leeds karibu na kiwanda cha pombe, alishika chombo cha maji juu ya mapipa yaliyokuwa yakichacha, akaona ya kuwa hewa ile yaingia majini na kuyapa ladha ya kuchoma ulimi. Mwaka 1783 Jacob Schweppe alianza kazi ya kuyauza maji ya namna hiyo mjini Geneva. Wamarekani waliyaleta madukani mwa dawa, kwa kuwa watu waliyadhani kuwa dawa, kisha wakayatia sharubati ya matunda. Hata Coca-Cola iliuzwa mara ya kwanza hivyo, kwa bilauri, katika duka la dawa la Atlanta mwaka 1886. Na tangu 1920 hata 1933, sheria ilipokataza pombe nchini kote, watu wengi walihamia kwenye meza za soda.

Mhudumu alitia sharubati katika bilauri ndefu, akafungua bomba, na maji yakashuka yakivuma. Maji hayo hupozwa kwanza, kwa sababu maji baridi huishika hewa vizuri kuliko ya moto. Juu yake akaweka donge la aiskrimu, povu likapanda hata ukingoni. Tulikunywa polepole.

Lakini tulipokuwa tukinywa, fikira zetu zilirudi mtoni. Zamani za utumwa Kentucky ilikuwa nchi ya watumwa, Indiana nchi ya watu huru. Na wengi wa ndugu zetu Weusi waliuvuka mto Ohio usiku, wakihatarisha maisha yao. Hata utumwa ulipokoma, kigoda kama hiki tulichokalia kilikuwa kitu cha kugombaniwa. Katika miji mingi ya Marekani mtu Mweusi aliweza kununua soda, asiweze kuketi ainywe: alipe, achukue, atoke. Mwezi wa Julai 1958, huko Wichita, vijana Weusi waliketi kwenye meza ya soda ya duka moja la dawa, wakarudi siku kwa siku, kimya, bila kupigana, mpaka wakahudumiwa. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne walifanya vivyo hivyo Greensboro, na jambo likaenea nchini. Louisville kwenyewe, mwaka 1961, wanafunzi waliandamana, na wazazi wao wakakataa kununua nguo mpya za Pasaka katika maduka yaliyowabagua. Mwaka 1963 mji ule ulitoa sheria ya kukomesha ubaguzi huo. Mwaka 1964 ikafuata sheria ya nchi nzima.

Mtoto mmoja wa Louisville mnamjua wote. Ni Muhammad Ali, aliyezaliwa huko mwaka 1942, na aliyemshinda George Foreman Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Katika kitabu chake cha 1975 yaelezwa ya kuwa alikataliwa chakula katika mkahawa wa mji wake, hata akaitupa mtoni medali ya dhahabu aliyoishinda Roma mwaka 1960. Habari ya medali wengi wameitilia shaka. Lakini ya kuwa mikahawa ya Louisville iliwafukuza Weusi, hilo halina shaka.

Karibu yetu waliketi babu mmoja Mweusi na mjukuu wake. Mtoto alikuwa akizungusha kigoda huku na huku, na babu akimkataza kwa upole, asije akamwaga bilauri. Hakuna aliyewatazama. Hatukumwuliza mzee jambo lolote; lakini kwa mvi zake tulikisia kwamba aliijua miaka ile.

Jioni tulivuka daraja tena, na mfuko wa samaki wekundu mkononi. Peremende hazitengenezi taifa, twajua. Lakini mambo mawili tuliyaona mahali pale, nayo yafaa kukumbukwa katika nyumba zetu: kazi ndogo ikifanywa vema, na wazazi wakiwafundisha watoto, yaweza kupita miaka mia na zaidi na mafuriko pia, na utamu hautimii mpaka kila mtu apate mahali pa kuketi.