Shilingi 200 Kwenda Nyumbani

Nilipowaambia wenzangu ofisini kwamba nimenunua kiwanja Kibada, huko Kigamboni, mmoja aliniuliza kama nitakuwa naomba ruhusa ya safari kila Ijumaa. Kwa mtu wa Sinza, Kigamboni ni ng'ambo, na ng'ambo ni mbali hata kama unaiona kwa macho. Ukisimama Magogoni, kwenye mdomo wa bandari ya Dar es Salaam, unaihesabu minazi ya upande wa pili mmoja mmoja. Pantoni hulivuka lile lango la maji kwa dakika zisizozidi kumi. Kazi ni kulipata hilo pantoni.

Asubuhi sina la kuisifia. Natoka saa kumi na moja alfajiri kwa bajaji, nafika feri nakuta watu wamekwishajaa bandani, wameoga, wamenyoosha nguo, wananukia sabuni, wote macho kwenye geti. Geti likifunguliwa hakuna mzee wala kijana. Wadada huvua viatu vya visigino wakavishika mkononi, wanaume hukumbatia mabegi kifuani kama watoto. Siku moja injini ya pantoni moja iligoma, likabaki moja kuhudumia umati wote. Nikaachwa mara mbili mfululizo, nikaingia kazini saa tatu na nusu shati limelowa jasho. Bosi alinitazama, akarudi kwenye karatasi zake. Ningependa angeuliza.

Nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200. Ilipopandishwa kutoka 100, mwaka 2012, palizuka kelele, na John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, akawaambia wasioitaka wapige mbizi. Hiyo kauli haijafa. Pantoni likichelewa, lazima atokee mmoja wa kuuliza nani leo kaja na nguo za kuogelea. Mwaka 2016 ni yeye huyohuyo, sasa akiwa Rais, aliyefungua Daraja la Nyerere pale Kurasini, lenye urefu wa mita 680. Kwa hiyo njia ya kukwepa kadhia yote hii ipo. Nina kigari changu, nikitaka nalipia tozo, napita darajani nyuma ya malori ya makontena, nafika nyumbani shati likiwa kavu.

Ila nikipita darajani nafika na ofisi nzima kichwani. Nakula chakula cha usiku huku nafunga hesabu za mwezi.

Jioni ndiyo sababu yangu. Natoka ofisini Samora kwa miguu, nashukia Kivukoni, nalipita kanisa la Azania Front, lile la Wajerumani lenye mapaa mekundu, na bahari inanijia upande wa kulia. Kabla hujaliona soko la samaki la Feri utakuwa umekwisha kulinusa: magamba, moshi wa kuni, mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi. Wapaa samaki wanapaa bila kutazama mikono yao. Kijana ananipigia kelele za pweza. Mimi simo kwenye pweza, lakini namjibu, maana kunyamaza hapo ni utovu wa adabu.

Pantoni likiwa MV Magogoni, lenye uwezo wa kubeba watu 2,000 na magari 60, napanda juu nikaegemee chuma. Miezi ya kusi upepo hukupiga usoni mpaka macho yanatoa machozi. Na mara nyingine, mkiwa mmeshajipanga kuondoka, mnaambiwa msubiri: meli inaingia bandarini. Hapo kila mtu hunyamaza. Lile dude la makontena hupita mbele yenu taratibu, refu kuliko mtaa, juu kuliko majengo, karibu kiasi cha kuona baharia ameanika suruali yake. Likishapita, pantoni letu linatikiswa na mawimbi yake, watoto wanashangilia. Ng'ambo taa zinaanza kuwaka kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambacho wazee wetu bado wanakiita Kivukoni, kwa jina lake la 1961.

Nilipohamia, nyumba ilikuwa pagale. Mabati yapo, lipu hakuna, madirisha nimeziba kwa mbao. Mwenye nyumba wa Sinza alikuwa anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mke wangu akasema pesa hiyo bora tununue saruji, tukalale na mbu wetu wenyewe. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Chai tulipikia ya madumu. Usiku wa kwanza sikupata usingizi kwa sababu ya ukimya. Hakuna baa, hakuna daladala, ni vyura tu na nazi inayoanguka kwa jirani, na kila ikianguka nashtuka nikidhani mwizi.

Jumapili tunakwenda Gezaulole. Hilo ni jina lililobaki tangu enzi za vijiji vya ujamaa, la Kizaramo, na hufasiriwa "jaribu uone." Tunanunua muhogo wa kuchoma njiani, tunakaa mchangani maji yakikupwa, wanangu wanafukuza kaa. Mchanga ni mweupe na siku nyingine hatuonani na mtu zaidi ya wavuvi wanaoziba ngalawa yao. Ofisini wenzangu hulipia hoteli ili wapate saa mbili za namna hii.

Juzi, tulipokuwa tunakaribia gati, mama mmoja alinishika mkono.

"Baba, nitwishe."

Beseni lilikuwa limejaa vibua, limefunikwa kwa mfuko wa salfeti. Nikaweka begi chini, nikalinyanyua. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Likaegemea upande wangu, maji ya samaki yakanimiminikia kwenye mkono wa shati mpaka kwapani. Mama akalishika, akaligeuza kidogo kwenye kata, likatulia.

"Samahani mwanangu. Kwa mkeo utasema nini?"

"Nitasema nimeletewa harufu ya mboga."

Akacheka bila kutikisa kichwa. Mlango wa pantoni ukashuka kwa kishindo kwenye zege, umati ukatubeba, nikamwona anatangulia mbele ya watu wote waliokuwa mikono mitupu.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa uani anakuna nazi. Hakuniangalia.

"Leo umepita feri," akasema. "Vua hilo shati hukohuko nje."