Darasa la Nagoro

Mgeni aendaye Japani huonyeshwa kwanza Mlima Fuji, mahekalu ya Kyoto na treni ziendazo kasi. Hayo tuliyaona, wala hatuna la kuongeza juu ya yale yaliyokwisha andikwa na wengi. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za Nagoro, kijiji kidogo kilichoko ndani kabisa ya bonde la Iya, katika kisiwa cha Shikoku. Wengi hukiendea ili wapate kustaajabu na kucheka, nasi, twakiri, ndivyo tulivyokwenda.

Safari yenyewe si fupi. Ukishuka treni stesheni ya Oboke hupanda gari lipitalo kando ya magenge, na bondeni humo mna madaraja yaliyosukwa kwa mitambaazi ya mwituni. Lijulikanalo zaidi lina urefu wa mita 45 hivi, laning'inia mita 14 juu ya mto, nalo husukwa upya kila baada ya miaka 3. Husimuliwa kwamba watu wa ukoo wa Taira, walioshindwa vitani mwaka 1185, walijificha huku, wakayapenda madaraja ya namna hii kwa kuwa adui akitokea yaweza kukatwa mara moja. Tulivuka tukiwa tumeshika kamba kwa mikono miwili. Heshima ya ualimu tuliiacha ng'ambo.

Tulipofika Nagoro tuliwaona wakulima shambani na wazee waliokaa kando ya njia. Tukawaamkia. Hakuna aliyeitikia, kwani wote walikuwa sanamu.

Mwenye kuzitengeneza ni Bibi Tsukimi Ayano, aliyerejea kutoka Osaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili amtunze baba yake. Alitengeneza sanamu ya kuwinga ndege shambani, akaipa sura ya mzee huyo. Majirani wakawa wanaiamkia. Kwa Kijapani sanamu kama hiyo huitwa kakashi. Kwetu sisi shamba la mpunga lilijengewa dungu, na watoto wakapanda juu kuamia ndege. Lakini kazi ya kuamia yataka watoto, na Nagoro watoto ndio waliokosekana. Vijana walikwisha kwenda mijini, wazee wakafa mmoja mmoja. Basi Bibi Ayano akaendelea: fremu ya mbao, magazeti makuukuu ya kujazia mwili, vifungo kwa macho, na nguo zilizokwisha kuvaliwa. Wakazi wamesalia chini ya 30, na sanamu zimewapita kwa mbali.

Kicheko chetu kilikoma shuleni. Shule ya msingi ya Nagoro ilifungwa mwaka 2012, walipomaliza wanafunzi wake wawili wa mwisho. Kabla ya kuondoka walijitengenezea sanamu za kufanana nao, nazo zikabaki darasani. Mwalimu, naye wa matambara, amesimama mbele yao.

Tulisimama mlangoni. Mwenzetu mmoja, aliyefundisha miaka mingi, alifungua kinywa kama atakaye kusema "Hamjambo", akakifunga. Tulikuwa tumekusudia kupiga picha nyingi za kuwachekesha wanafunzi wetu. Tulipiga moja tu, na hata hiyo tulijiuliza kama ilikuwa haki yetu. Wako wasemao kwamba mahali hapa panatisha. Hatukuona la kutisha. Tuliona madawati yaliyofutwa vumbi, jambo ambalo katika shule zenye watoto hatulioni kila siku.

Sanamu zikaazo nje hazidumu. Mvua na jua huzichakaza kwa miaka michache, na Bibi huyo hushona nyingine badala yake. Atakayependa kwenda na aulizie mapema nyakati za basi, maana ni machache mno. Sisi tulingoja kwa muda mrefu kituoni, tumeketi pamoja na sanamu zilizowekwa hapo, na mmoja wetu akasogea kidogo ili asiibane iliyokuwa ubavuni pake.