Baba Hayumo Pichani

Familia zinaporudi kutoka mapumziko ya siku mbili ufukweni, aghalabu hurudi na picha za mama na watoto, picha za mawimbi, na picha ya samaki mkubwa aliyelala juu ya sahani. Baba hayumo. Yeye ndiye aliyeishika kamera tangu asubuhi hadi jua kutua. Ni kweli kwamba simu za siku hizi zina jicho la mbele, na mtu aweza kunyoosha mkono akajipiga mwenyewe. Lakini picha za namna hiyo huonyesha pua na paji la uso kuliko zinavyomwonyesha mtu.

Sajini mmoja wa jeshi la Uganda alikwenda Entebbe Jumamosi moja pamoja na mkewe na watoto wao watatu, zikiwa zimesalia wiki tatu tu aondoke kwenda Somalia. Majeshi ya Uganda yalianza kutumwa huko Machi 2007, na tangu hapo wako watoto wa kambini waliokua wakihesabu umri wao kwa safari za baba zao. Sajini huyo alikwisha kwenda mara moja. Aliporudi, mtoto wake wa pili, ambaye alimwacha akitambaa, alikimbia akajificha nyuma ya gauni la mama yake, na kwa siku nne nzima alimwita “mjomba”. Mtoto hakuwa na kosa. Picha pekee ya baba iliyokuwa ukutani ilikuwa ya gwaride, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na midomo imefungwa kama mlango wa ghala.

Entebbe ni mahali pazuri pa kupumzikia. Ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, na mbega hurukaruka katika miti yake bila kumwogopa mtu. Ziwa Viktoria liko hapo hapo, ingawa ufukwe si ule wa zamani. Mei 2020 maji yalipanda hata kupita kidogo kimo cha mwaka 1964, yakameza mchanga na vibanda vya starehe, na waliokuwa na picha za miaka ya nyuma walizitazama kwa mshangao.

Sajini alipiga picha kwa bidii. Alipiga mbega, mitumbwi, na watoto wakirushiana maji. Upande wa uwanja wa zamani wa ndege, ule uliovamiwa na makomando wa Israeli Julai 1976, hakuuelekezea kamera hata mara moja. Askari hahitaji kukumbushwa jambo hilo. Lakini ilipofika saa sita mchana alianza kuguna. Nyuso zote zilitoka nyeusi tititi, na nyuma yake ziwa likimeta kama bati jipya.

Sababu yake si ngumu. Kamera hupima mwanga wa mandhari yote kwa jumla, na ikiona maji yanang'aa, huupunguza mwanga, kwa hiyo uso wa mtu hubaki gizani. Tena Entebbe iko karibu kabisa na Ikweta: adhuhuri jua huwa karibu na utosi, na macho hugeuka mashimo mawili ya kivuli. Mtu mweusi huumia zaidi kwa hesabu hiyo, naye ameumia tangu zamani, kwani kwa miaka mingi ya karne iliyopita rangi za filamu zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi zetu hazikuwamo katika kipimo.

Aliyewasaidia ni kijana mmoja mpiga picha wa pale ufukweni, mwenye kamera shingoni na mtambo mdogo wa kuchapia mkobani.

“Mzee, wageuze,” alisema. “Wasilipe ziwa mgongo. Walitazame, nawe usimame upande wa maji. Ziwa lenyewe litawaangazia. Na kama mna nafasi, ngojeni saa kumi na moja, jua likilegea.”

Wakangoja. Wakati huo mke aliichukua simu akaanza kuzitazama picha za mchana kutwa. Zilikuwa themanini na kitu. Mumewe alionekana katika mbili: katika moja ni kivuli chake mchangani, na katika nyingine ni ncha ya kidole gumba.

“Baba watoto,” aliuliza, “simu hii imekuona lini?”

Sajini akacheka. Mke hakucheka. Alimtazama mtoto wao wa mwisho, wa miaka miwili, aliyekuwa akijaza mchanga katika kiatu cha baba yake. Akasema, “Huyu naye atakuita mjomba?”

Ilipotimu saa kumi na moja, simu ikarudishwa mfukoni, kijana akaitwa. Sajini alitaka kusimama wima, mikono ubavuni, kama alivyozoea. Mkewe akamwamuru achuchumae. (Katika nyumba nyingi za askari, amri za mwisho hutoka jikoni.) Picha tatu zilipigwa zikachapwa papo hapo, kwa bei isiyozidi soda chache. Ni vema zilichapwa, maana simu huibiwa, tena huanguka majini. Vilevile picha ya simu yaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, jambo ambalo mtu wa jeshi au polisi hana budi kulizima kabla ya kuzisambazia ndugu.

Mbili kati ya hizo tatu zilikuwa safi kabisa. Mke alichagua ya tatu. Ziwa limeinama upande mmoja kana kwamba litamwagika. Sajini amekunja suruali hadi magotini, kinywa wazi kwa kicheko, na yule mdogo amemshika sikio anamvuta. Waliporudi kambini aliibandika ukutani, chini ya ile ya gwaride, kwenye kimo cha mtoto wa miaka miwili, mahali ambapo mgeni aliyeketi kitini haioni ila akiinama.